Njia ya Professor Jay: Kutoka Mbezi hadi Ruaha

Maisha ya mwanamuziki wa hip hop kwa kawaida husimuliwa kwa studio alizorekodia, tuzo alizobeba na wasanii aliogombana nao. Ya Professor Jay mimi nimeyafuata kwa barabara. Nimetoka kuipita barabara kuu ya Iringa, kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi, kisha ile inayokata kwenda Mto Ruaha Mkuu, nikishuka kila penye jambo linalomhusu yeye au wenzake, na nimerudi na hamu ya kueleza niliyoyaona. Sababu ya safari ni moja. Mwaka 2001 mtu huyu alitoa wimbo uliomwigiza mgombea mwongo; nchi nzima ikacheka na kuitikia. Mwaka 2015 akapanda jukwaani yeye mwenyewe, mgombea wa kweli, akaomba kura za watu wa jimbo la Mikumi. Wakampa. Nilitaka kuwaona watu hao na ardhi yao, maana wimbo ule sisi wa mjini tumeuzoea kama burudani, na kule uligeuka kuwa deni.

MBEZI

Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis haina usiku. Alfajiri wapiga debe wameshakauka sauti, akina mama wameshapanga chupa za chai na ndoo za maandazi yaliyofunikwa kitambaa, na vijana wanazunguka na maji, karanga, chaja za simu na soksi. Kila mmoja anakuita kwa cheo anachodhani kitakulainisha: bosi, mjomba, kaka mkubwa, mama mzazi. Unaweza kukaa hapo saa nzima bila kuchoka, ukisikiliza tu Kiswahili kinavyofanyiwa kazi.

Joseph Haule alizaliwa Songea mwaka 1975, lakini jina alilipatia Dar es Salaam, na ukisimama Mbezi asubuhi unaelewa alikoutoa wimbo wake "Bongo Dar es Salaam", unaolichora jiji hili na watu wake wanaoishi kwa akili za mjini. Alianza akiitwa Nigga J, katika kundi la Hard Blasters, pamoja na Fanani na Big Willy. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Redio binafsi ndiyo kwanza zimeingia hewani, Radio One ikitangulia mwaka 1994, na vijana wa rapu walikuwa bado wanaitafuta lugha yao. Saleh Jabir alikuwa ameshaonyesha mwaka 1991 kwamba mdundo wa Marekani unabeba Kiswahili bila shida. Kwanza Unit wakaja na yao. Kisha 2 Proud, huyu tunayemwita Sugu, akathibitisha kwamba kijana wa Kitanzania anaweza kutoa albamu nzima ya rapu na watu wakainunua. Hard Blasters walipotoa "Chemsha Bongo", wazazi wengi waliokuwa wakiuita muziki huu uhuni walianza kuiacha redio iendelee.

Halafu ikaja Machozi, Jasho na Damu, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, na jina jipya la Professor Jay. Humo ndimo ulimo "Ndio Mzee", uliopikwa Bongo Records chini ya P-Funk Majani. Mgombea anahutubia. Anaahidi mambo ambayo hakuna binadamu wa kuyatimiza: wanafunzi wapelekwe mwezini kufanya majaribio yao ya sayansi, mabomba yatoe maziwa. Na kwa kila ahadi umati unaitikia kwa maneno yale mawili ya jina la wimbo. Watu wengi husifu maneno ya mgombea. Mimi naona werevu wa wimbo uko kwenye umati. Unamcheka mwongo aliye jukwaani, ghafla unagundua mdomo wako umo katika kiitikio.

CHALINZE

Basi limepita Kibaha na Mlandizi, limevuka Ruvu, na joto la pwani limeanza kukauka. Chalinze ndipo njia ya Tanga, Moshi na Arusha inapojitenga na ya kwetu, kwa hiyo kila basi husimama, na kila linaposimama madirisha yanajaa mikono: machungwa yaliyomenywa, mahindi ya kuchoma, korosho, mayai ya kuchemsha yanayopasuliwa na kujazwa kachumbari mbele ya macho yako. Wenye umri wangu wanakumbuka pia kanda za kaseti. Kanda ndizo zilizoupeleka muziki huu Iringa, Singida na Mwanza kabla ya simu, na kanda ndizo zilizowaacha wasanii mikono mitupu, maana msanii alikuwa akiiuza kazi yake kwa msambazaji wa Kariakoo, analipwa mara moja, na idadi ya nakala zilizouzwa baada ya hapo anaijua msambazaji peke yake. Nchi nzima ilikuwa inamjua mtu kwa sauti, na yeye bado anapanda daladala.

Nilimwomba konda, "Kaka, huna za zamani humo?" Akapekua flashi yake, akaweka "Zali la Mentali", ile aliyoimba na Juma Nature, hadithi ya kapuku aliyebahatika kupendwa na binti wa kitajiri. Viti vya nyuma wote walikuwa wanaijua. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, ambaye wimbo ule ulipotoka alikuwa bila shaka bado shule ya msingi, aliimba mwanzo hadi mwisho bila kukosea kina.

MOROGORO

Baada ya mashamba ya mkonge ya Ubena na vilima vya Mikese, Uluguru inakutokea upande wa kushoto, na hutaki tena kutazama upande mwingine. Ni mlima ulioegemea mji. Asubuhi wingu hukaa kiunoni mwake, mchana huondoka, na jioni hurudi, na vijito vinashuka kutoka huko juu hadi katikati ya makazi ya watu. Waluguru huko mlimani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo hiyo. Wanashuka alfajiri na mizigo kichwani, na Soko Kuu la Chifu Kingalu linajaa ndizi mbichi, magimbi, mananasi, na viungo kutoka Matombo: mdalasini, karafuu, pilipili manga. Ukipita pale kwa mguu nguo zako zinanukia hadi jioni. Nilikula ndizi za nazi na nyama kwa mama ntilie mmoja pembeni ya soko, zimeiva hadi zinakatika kwa kijiko, na pilipili ya mbuzi nzima ikielea juu bila kupasuliwa, harufu tu, ukali hakuna. "Usiipasue, mwanangu," aliniambia, "labda kama una ugomvi na tumbo lako."

Wenyewe wanauita mji kasoro bahari, yaani una kila kitu isipokuwa bahari. Kwa muziki maneno hayo hayajatiwa chumvi. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilikuwa ya hapa. Morogoro Jazz ilikuwa ya hapa, na Mbaraka Mwinshehe akaliondoa gitaa lake mitaa hii mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na mwaka 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajafika miaka 40. Nataja hawa makusudi. Hip hop ya Tanzania husimuliwa kana kwamba ilishuka kutoka New York ikiwa imefungwa kwenye boksi. Kijana wa Morogoro aliyeanza kughani miaka ya 1990 alikuwa amezaliwa katika mji ambao mwanamuziki kusema mambo ya watu mbele ya watu ni kazi inayojulikana, yenye wazee wake.

Afande Sele ndiye mtoto wa mji katika kizazi hicho. Mwaka 2004 alivikwa taji la Mfalme wa Rhymes, na katika "Mtazamo" aliwakalisha pamoja naye Solo Thang na Professor Jay, watu watatu wenye sauti tatu zisizofanana, kila mmoja akiieleza dunia jinsi anavyoiona yeye. Ule kwangu ni miongoni mwa nyimbo tano bora zilizowahi kuandikwa kwa Kiswahili katika fani hii, na sioni haya kuupanga na mashairi ya magwiji. Mwaka 2015, uchaguzi ule ule wa Professor Jay, Afande Sele naye aligombea ubunge, Morogoro Mjini, kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Yeye hakuupata.

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi Kihonda, kwenye makaburi alikozikwa Albert Mangwea, Ngwair. Alizaliwa Mbeya mwaka 1982, akakulia Morogoro na Dodoma, akatoka na kundi la Chamber Squad, na mwaka 2004 albamu yake a.k.a. Mimi ilimweka mstari wa mbele. Kwa mitindo huru, kughani papo kwa papo bila kuandika, sijamsikia wa kumfikia. Alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, akiwa na miaka 30. Dar es Salaam walimuaga Leaders Club, kisha msafara ukaipita barabara hii hii niliyokuja nayo, na wenyeji wanasimulia jinsi watu walivyosimama pande zote mbili kumsubiri.

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka alinisubiri nje akiwa ameketi juu ya pikipiki. Niliporudi nilimkuta anagonga tangi la mafuta kwa vidole vya mkono wa kulia, viwili vizito na kimoja chepesi, kofia ngumu ikining'inia kwenye kioo cha pembeni, anaghani chini kwa chini kuhusu bei ya petroli, kuhusu tajiri wake mwenye pikipiki anayetaka hesabu kila jioni, kuhusu abiria (mimi) aliyeingia makaburini mchana wa jua kali. Vina vilikuwa vinakaa. Nilimuuliza kama amewahi kuingia studio. Akasema, "Studio ni hela, kaka. Huku ni bure." Alikuwa mtoto mdogo mno Ngwair alipozikwa. Hata hivyo alijua tarehe.

Nawaomba wakubwa wa mji huu jambo moja. Mji uliomlea Mbaraka, ukamlea Afande Sele, na ukampokea Ngwair, wekeni hata chumba kimoja chenye picha, kanda na magitaa yao, mgeni aone na mtoto wa Kihonda ajue yeye ni mrithi wa nani.

DOMA

Ukiiacha Morogoro na kuipita Mzumbe, nchi inakuwa tambarare na nyekundu. Doma ni nyanya. Matenga yamepangwa kandokando ya lami kwa mamia, nyanya zikiwa bado na rangi ya chungwa ili ziivie njiani kuelekea masoko ya Dar es Salaam, na wachuuzi wanakimbia na ndoo kila gari linapopunguza mwendo. Mkulima mmoja aliniambia bei hapa hubadilika kati ya asubuhi na jioni kufuatana na idadi ya malori yaliyofika. Wiki mbovu tenga halirudishi gharama ya dawa.

Mbele ya hapo lami inaingia Hifadhi ya Mikumi, na kwa takribani kilomita 50 unasafiri ndani ya nyumba ya wanyama. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Madereva wanatii mwendo hapa kuliko mahali popote nchini, maana kumgonga mnyama ni faini, na kila mnyama ana bei yake. Nyani wanakaa ukingoni wamepakata watoto wao. Swala wanakula kwa makundi. Twiga wawili walivuka mbele yetu polepole kabisa, na lori la kontena lililotoka Zambia likawasubiri wamalize. Nyuma yao bonde la Mkata limetandaa majani ya manjano hadi kwenye milima ya samawati. Abiria wa basi la kawaida anaona bure kile ambacho mtalii anakilipia kwa dola, na hakuna mtu ndani ya basi aliyekuwa anatazama simu.

MIKUMI

Mji wenyewe umelala pande mbili za barabara, mrefu na mwembamba, unaishi kwa wapitao. Malori ya Tunduma, Lubumbashi na Lusaka yanalala hapa. Usiku moshi wa nyama choma unaning'inia juu ya taa, madereva wanacheza pool, na Kiswahili cha Kongo, Kinyakyusa na Kibemba vinachanganyika kwenye meza moja. Mchana unaona sura nyingine. Nyuma ya mstari wa kwanza wa maduka, kwenye njia za vumbi, kuna madumu ya njano. Mistari ya madumu, yamefungwa kamba, yana alama za rangi ili kila mwenye lake alijue, yanangoja maji. Karibu na hifadhi yenye sifa dunia nzima, karibu na mito inayoendesha mitambo ya umeme wa taifa, maji ya bomba ya mji huu yamekuwa kilio cha miaka mingi.

Sasa rudi kwenye ule wimbo. Mgombea wa kubuni anaahidi maziwa bombani. Miaka 14 baadaye aliyemtunga anasimama mbele ya akina mama wanaotaka maji tu.

Nilikaa jioni moja kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na watu wakaja wakakaa, kama inavyokuwa ukianzisha mazungumzo mahali penye benchi. Nilimsalimu mzee mmoja wa Kividunda, mkulima wa mahindi na ufuta. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, kaa." Nikamuuliza kampeni za 2015 zilikuwaje. Alisema vijana walikuwa wanamfuata Jay kijiji hadi kijiji kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya malori, na kwamba mkutano ukianza watu walikuwa wanangoja kuona ataahidi nini, maana wimbo wanaujua. "Tulikuwa tunamsikiliza kwa sikio la wimbo," ndivyo alivyosema. Akitaka kuahidi daraja, mtu anapiga kelele kutoka nyuma: ndio mzee! Na kicheko kinaenea, na yeye mwenyewe anacheka, halafu inambidi aeleze daraja lenyewe litatoka wapi.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Nchi hii ina wabunge wengi. Huyu alikuja na kipimo chake mfukoni mwa wapiga kura. Alipoingia kwenye siasa alikuwa ameshawafundisha watu, kwa mdundo, jinsi ya kumtilia shaka mtu wa aina yake. Na hakuishia "Ndio Mzee": katika albamu ya Mapinduzi Halisi alitoa "Kikao cha Dharura", ambamo wananchi wanamrudia yule mheshimiwa na kumdai. Mtu anayewaandikia watu hati ya mashtaka na kisha kwenda kuketi kizimbani kwa hiari yake, nadhani amefanya jambo ambalo hip hop ya Marekani, pamoja na ukubwa wake wote, haijapata mfano wake.

Aliingia bungeni kwa tiketi ya CHADEMA, akimkuta Sugu, mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010. Lakini tazama wakati wenyewe. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kupitia TBC yalisimamishwa. Mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, mbunge akabaki kuruhusiwa kuhutubia jimboni kwake tu. Mtu aliyejengwa na redio, aliyezoea sauti yake kufika Kigoma na Lindi siku moja, sasa alichosema bungeni Dodoma hakikuonwa Mikumi siku hiyo, na alichosema Mikumi kiliishia Mikumi. Zuio la mikutano liliondolewa Januari 2023, yeye akiwa ameshatoka bungeni.

Juu ya kazi yake watu wa kibarazani hawakukubaliana. Fundi cherehani alisema alikuwa anafikika. Unampigia simu, anapokea. Dada mmoja mwenye duka la vocha akamjibu kwamba kupokea simu siyo maji. Mzee akaleta hoja iliyowanyamazisha wote wawili: mbunge hana bajeti. Ana Mfuko wa Jimbo, fedha kidogo za kuchochea miradi, na ana mdomo wa kuomba. Bomba la maji linajengwa na serikali, ipende isipende kusikia anayeomba ni wa chama gani. Ubishi uliendelea hadi adhana ya magharibi, watu wakatawanyika bila mshindi. Kilichonifurahisha ni kwamba katika saa mbili hizo hakuna aliyemtaja kama nyota. Walimjadili kama mtu waliyempa kazi.

RUAHA

Kutoka Mikumi unaiacha barabara kuu, unakata kushoto kuelekea Ifakara, na baada ya vilima vya Vidunda miwa inaanza. Hakuna aliyeniandaa kwa ukubwa wake. Ni ukuta wa kijani pande zote mbili, mrefu kupita gari, ukikatizwa na njia za trekta, na mwisho wake milima ya Udzungwa imesimama myeusi kwa msitu. Msimu wa kuvuna mashamba huchomwa kwanza kuondoa majani, na jivu jeusi linaelea hadi mjini, linatua kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye sahani za wali. Wakata miwa wanarudi jioni weusi kwa masizi, panga begani, macho tu yanayong'aa. Wakulima wa nje, yaani wenye mashamba yao wanaokiuzia kiwanda, wanazungumza lugha yao ya tani, kiwango cha sukari ndani ya muwa na zamu ya kuvuna. Muwa ukichelewa kwenda kiwandani uzito unapungua, na hasara ni ya mwenye shamba.

Ruaha ni mji wa vijana. Wamekuja kutoka Mbeya, Njombe, Ruvuma na Tabora kutafuta kibarua cha sukari, wamepanga chumba watu wanne, na Jumamosi usiku spika zinashindana kutoka baa hadi baa. Hawa ndio waliokuwa wapiga kura wa Professor Jay, na katika vyumba vya namna hii ndimo muziki wake ulimokuwa ukisikilizwa tangu enzi za kanda. Nilikula wali wa mchele wa Kilombero, ule unaonukia kabla hujafunua sufuria, na perege wa kukaanga aliyevuliwa mtoni, kisha juisi ya muwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, kwenye mashine inayozungushwa kwa mkono. Sijanywa kinywaji kitamu zaidi ya kile mwaka huu.

Mto wenyewe unapita mwisho wa mji, mpana, wenye mawe, maji ya rangi ya chai. Juu kidogo kuna bwawa la Kidatu na mitambo yake ya megawati 204, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, mwaka ule ule aliozaliwa Haule. Ng'ambo ya daraja ni Kidatu, wilaya nyingine, jimbo lingine. Eneo lake liliishia hapa.

Uchaguzi wa 2020 jimbo lilichukuliwa na Dennis Londo wa CCM. Mapema mwaka 2022 Professor Jay aliugua, akalazwa Muhimbili katika hali iliyoitia nchi hofu, na kwa muda mrefu hakuna aliyesikia sauti yake. Watu wa vyama vyote walichanga na kuomba, na serikali ikabeba mzigo mkubwa wa matibabu. Alitoka hospitali mwaka 2023 na wimbo wenye jina la hesabu ya siku hizo, "Siku 462", na mwaka huo huo akaanzisha taasisi kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Sauti imerudi nzito kuliko ya zamani na yenye pumzi fupi. Mimi naisikiliza zaidi sasa.

Hukumu yangu ni hii. Mikumi haikugeuka mji mwingine katika miaka yake mitano, na madumu ya njano bado yapo. Lakini kati ya wote waliotunga nyimbo za kuwasema wakubwa, yeye ndiye aliyekubali kupimwa kwa wimbo wake mwenyewe, mbele ya watu wenye kiu kweli, na watu hao hadi leo wanajua kumdai mbunge yeyote atakayekuja. Hilo lina thamani kuliko tuzo.

Ukipita barabara ya Iringa, usiishie kupiga picha twiga. Shuka Mikumi, kata kushoto, fika Ruaha, kaa na watu. Njiani sikiliza "Ndio Mzee", kisha "Kikao cha Dharura", kisha "Siku 462", kwa mpangilio huo. Na kama una presha au kisukari, ukirudi nyumbani kapime figo zako. Ndicho anachokihangaikia Professor Jay siku hizi.